Simu ni yako, masikio ni yetu!

Panda daladala ya Gongo la Mboto saa 12 jioni, bana kwenye siti yako, kaa kimya usikilize. Kabla hamjapita vituo vitatu utakuwa umejua kwamba jamaa wa siti ya nyuma anadaiwa kodi ya miezi miwili. Dada wa dirishani kagombana na wifi yake kwa ajili ya sufuria. Na yule mzee mwenye kofia "yuko Morogoro, atarudi kesho kutwa", ingawa wote mnamwona hapo kashika bomba, na nje ya dirisha ni Tazara!

Hujamuuliza mtu. Hujachungulia nyumba ya mtu. Umelipa nauli yako tu, ukapewa na umbea wa bure juu yake.

Jamani, tumefika wapi? Watu wanaongea na simu kana kwamba wanamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kwenye foleni ya benki ni hivyo hivyo. Hospitali, hivyo hivyo. Hata makaburini, shekhe au mchungaji anaomba dua, pembeni mtu kainama eti kajificha, lakini sauti inafika mpaka kwa marehemu: "Nipo msibani, sema haraka haraka!"

Wengi wetu tukikerwa tunanuna, tunasonya kimoyomoyo, halafu tunashuka zetu. Wiki hii nimeona niliseme. Na nikiamua kulisema naomba niliseme lote, maana kelele ndiyo sehemu ndogo ya kero yenyewe. Kuna mtu anaumizwa zaidi kuliko wewe na mimi tuliobanana kwenye siti. Na mtu huyo hata kwenye gari hayumo.

ENZI ZA MIKOGO

Kaka zetu wanatusimulia kwamba kuongea na simu kwa sauti kulianza kama ufahari. Mobitel walipoleta simu za mkononi hapa Bongo mwaka 1994, simu yenyewe ilikuwa kama mche wa sabuni, bei yake ya kutisha, na hata kupokea tu ulikuwa unakatwa hela. Mwenye nacho akiingia baa, simu aliiweka mezani pembeni ya bia, antena juu, ili baa nzima ione. Ikiita haipokelewi hapo hapo. Inaachwa iite kwanza! Halafu jamaa anasimama, mkono kiunoni, anapaza sauti. Na wapo waliokuwa wanazuga tu, simu haijaita wala nini, wanaongea na hewa.

Tusiwacheke sana. Simu ya kwanza kabisa ya mkononi kupigwa hadharani duniani nayo ilikuwa ya kutamba. Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi wa Motorola aitwaye Martin Cooper alisimama kwenye mtaa wa New York na dude la uzito wa zaidi ya kilo moja. Akampigia Joel Engel, mshindani wake wa kampuni ya Bell, kumwambia kwamba anaongea naye kwa simu ya mkononi, ya mkononi kweli kweli. Watu wanapita, wanashangaa. Kwa hiyo mikogo ya simu mbele za watu haikuanzia Kinondoni.

Lakini hayo yalikuwa ya zamani. Vodacom walipoingia mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, bei zikaanza kushuka, vocha zikajaa kwenye kila genge, tukajifunza kubip. Leo konda ana simu, mama ntilie ana simu mbili, muuza mihogo ya kukaanga anapokea oda kwa simu. Kufikia mwaka 2024 laini za simu nchini zilikuwa zimepita milioni 70, wakati sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 pamoja na vichanga. Laini zimetuzidi wenyewe!

Sasa unamtambia nani? Simu kila mtu anayo. Kama bado unapayuka, basi si mikogo tena. Kuna jambo jingine.

MBONA TUNAPAYUKA?

Jambo la kwanza ni dhana tu. Mtu akipigiwa kutoka Chanika anaongea kawaida. Akipigiwa kutoka Songea anapandisha. Akipigiwa na shemeji aliyeko Muscat, hapo ndipo mishipa ya shingo inatoka. Anadhani umbali unahitaji mapafu. Bwana wee, kipaza sauti cha simu kipo vidole vichache tu kutoka mdomoni mwako. Sauti yako inaishia hapo. Kuanzia hapo inageuzwa tarakimu, inarushwa kama mawimbi ya redio mpaka kwenye mnara, na mnara ndio unajua pa kuipeleka. Songea, Muscat au chumba cha pili, kwa mdomo wako umbali ni ule ule.

Na mtandao ukiwa mbovu je? Hapo sauti inakatika kwa sababu baadhi ya zile tarakimu zinapotea njiani kati ya simu na mnara. Zinapotea ukinong'ona, zinapotea ukipiga mayowe. Ukipayuka, mwenzio anasikia mayowe yaliyokatika badala ya maneno yaliyokatika. "Haloo! Haloo! Unanisikia?" Hakusikii, ila sisi tunakusikia vizuri sana.

Jambo la pili lina jina la mtu. Mwaka 1911 daktari mmoja wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na makelele hupandisha sauti yake bila mwenyewe kujua. Hajakusudia, hana habari. Sasa chukua daladala yetu: injini inaunguruma, redio iko juu, konda anagonga bodi na kuita Karume, Mnazi Mmoja, Kariakoo. Ukiweka simu sikioni hapo, koo linapanda lenyewe. Jirani yako naye anaongea na simu, anakusikia wewe, anapanda. Wewe unamsikia yeye, unapanda tena. Mpaka mnafika mwisho wa gari, watu wawili wamegombana bila kugombana.

Kwa hiyo tuwe wakweli: wengi wanaopayuka si washenzi. Hawajijui. Ndiyo maana kumwambia mtu ni bora kuliko kumsonya. Msonyo haumwelezi kitu.

Jambo la tatu ni vifurushi. Enzi za kukatwa hela kwa kila dakika mtu alisema neno moja akakata. Leo umejiunga kifurushi cha siku, kinaisha usiku wa leo, dakika zimebaki 40. Uziache zife? Haiwezekani! Unaanza kupiga kwa kila mtu: mama, shangazi, rafiki wa shule ya msingi. Salamu zenyewe unazijua: za hapo, za watoto, za kazi, za shamba, mvua imenyesha? Salamu nzuri, ndiyo malezi yetu, sizipingi. Lakini mvua ya Tukuyu kuisikiliza watu 30 wa Dar, mh!

UMBEA WA NUSU

Kuna swali watu hujiuliza. Mbona wawili wakikaa pamoja kwenye daladala wakapiga soga, hata wakicheka, hawakukeri kama huyu mmoja mwenye simu?

Wataalamu wamelichunguza. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa watu kazi za kufanya kwa makini huku wakisikilizishwa maongezi. Waliposikia pande zote mbili zikizungumza, kazi ilikwenda. Waliposikia upande mmoja tu, wakaharibu. Maelezo yao ni kwamba akili ya binadamu ikisikia maongezi hujaribu kukisia neno linalofuata. Ukisikia wote wawili, kukisia ni rahisi. Ukisikia nusu, akili inahangaika kujaza pengo, na huwezi kuizuia.

Bila kwenda Cornell wewe mwenyewe unalijua hilo. Dada wa mbele yako anasema: "Weee! Kweli? ... Acha! ... Na mumewe alikuwepo? ... Halafu ikawaje? ... Mungu wangu!" Kimya. Anashuka Buguruni anaenda zake. Sasa wewe ulale vipi usiku? Ikawaje? Mumewe alifanyaje?

Kwa hiyo usijione mmbea. Umetegeshewa.

Na tuelewane hapa, sitaki daladala iwe maktaba. Haijawahi kuwa na wala haitakuwa. Tunabishana Simba na Yanga humo, tunagombea chenji, mtoto analia, kuku yupo chini ya siti. Hayo ndiyo maisha ya Dar na mimi nayapenda. Ila wale wawili wanaopiga soga wana kitu ambacho mwenye simu hana. Wote wawili wanawaona watu waliowazunguka. Mazungumzo yakifika pabaya, mmoja anamkonyeza mwenzie, sauti zinashuka, au wanaahirisha. Kila mmoja kachagua nini aseme mbele yetu.

Kwenye simu mmoja tu ndiye anayetuona. Mwingine hajui kama tupo.

HAPO NDIPO PENYE MAUMIVU

Siku hizi kuna mtindo umeingia, simu haiwekwi sikioni tena. Inashikwa bapa mbele ya mdomo kama mtu anayeng'ata kipande cha mkate, laudspika juu, wote tunasikia pande mbili. Unaweza kusema afadhali, walau umbea sasa umekamilika. Hapana. Ni mbaya zaidi, na nitakwambia kwa nini.

Mwaka jana nilikuwa kwenye gari moja, jioni, tumejaa. Kijana wa makamo yangu simu yake ikaita, akaweka laudspika. Ikatoka sauti ya mwanamke: "Kaka, ndiyo natoka hospitali. Majibu wamenipa."

Kaka mtu akasema, "Ongea kwa nguvu dada, sikusikii!"

Dada akarudia kwa nguvu, kama alivyoambiwa. Na majibu akayasema.

Sitaandika alichosema. Nikikiandika nami nitakuwa nimemtangaza. Ila nakwambia gari lote lilinyamaza, hata konda. Watu wakaanza kuangalia nje ya madirisha, na huko nje kulikuwa giza, hamna cha kuangalia.

Mama mmoja mtu mzima, mwenye kikapu mapajani, akamgusa yule kijana begani. Akamwambia taratibu: "Mwanangu, mwambie mwenzio tupo wengi humu."

Simu ikawa kimya kidogo. Halafu ikatoka ile sauti, ndogo sasa: "Kaka, uko na nani?"

Kijana hakujibu. Alizima laudspika, akagonga bodi, akashuka kituo ambacho nina hakika hakikuwa chake.

Sasa nikuulize. Mimi nilipata kero gani pale? Ya dakika moja, imepita. Yule dada je? Alikuwa amemchagua mtu mmoja katika dunia hii wa kumwambia jambo lake. Mmoja tu. Akajikuta amewaambia watu 30 asiowajua, na kati ya hao 30 nani anajua kama hayupo wa mtaani kwake? Tulikuwa tunaelekea mtaa mmoja wote!

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, familia yake na mawasiliano yake ya binafsi. Tukisikia hivyo tunafikiria polisi, tunafikiria makampuni ya simu. Hatufikirii kwamba kaka mtu mwenyewe anaweza kumwaga siri ya dada yake kwa kidole gumba, kwenye kitufe cha laudspika.

NA HELA JE?

Siri za mwili tu? Ngoja uje kwenye mshiko. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, simu ikageuka pochi. Na pochi hakuna anayeifungua katikati ya stendi akaanza kuhesabu noti kwa sauti. Lakini sikiliza watu kwenye simu: "Nakutumia laki mbili na nusu, ya mbao, leo saa 2 usiku, jina litatokea la mke wangu." Namba ya simu inatajwa tarakimu moja moja, polepole, na kurudiwa. Nimewahi kumsikia mtu akimtajia mwenzie namba ya siri, eti amsaidie kutoa hela kwa wakala!

Wote tunazijua zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii". Nyingi tunazicheka kwa sababu zinakuja hovyo hovyo, hudaiwi na mtu, hujaahidi hela. Sasa fikiria ikija kwa yule mwenye mbao, saa 2 kasorobo usiku, ikitaja mbao na laki mbili na nusu. Ataicheka? Na anayelizwa anaweza kuwa yule wa upande wa pili, aliyekuwa amekaa kwake kimya, hajapayuka kitu.

WENZETU WANAFANYAJE

Japani, kwenye treni za mijini, tangazo husomwa kuwaomba abiria wazime mlio na wasiongee na simu ndani ya behewa. Ukipigiwa unaandika meseji au unasubiri kushuka. Jiji la New York, lile lile la bwana Cooper, mwaka 2003 lilipitisha sheria ya kupiga marufuku simu kwenye kumbi za sinema, maigizo na muziki wakati wa onyesho, faini dola 50.

Sisi faini za nini? Trafiki tulionao wanatutosha. Na ukimya wa Kijapani utatushinda, tusidanganyane. Sisi tuna heshima zetu, tunajua kubisha hodi kabla ya kuingia kwa mtu. Simu nayo inataka hodi yake.

BASI TUFANYEJE?

Wewe unayepokea, neno la kwanza baada ya haloo liwe: "Niko kwenye gari, kuna watu." Maneno machache tu. Hapo mwenzio ameshajua, atachagua mwenyewe aendelee au angoje.

Wewe unayepiga na una jambo zito, usilimwage. Uliza kwanza: "Uko wapi? Unaweza kuongea?" Ukiambiwa yuko kwenye daladala, mwambie "ukishuka nishtue", ukate. Siri ni yako, ichunge mwenyewe, usimwachie aliye kwenye makelele.

Laudspika ni ya nyumbani. Kama husikii, weka hedifoni. Kama huna, ziba sikio la pili kwa kidole, funika mdomo na simu kwa kiganja, ongea taratibu. Simu nyingi za siku hizi zina vipaza sauti viwili, na kimoja kazi yake ni kuyasikia makelele ya pembeni ili yapunguzwe. Mwachie afanye kazi yake.

Namba ya siri haitajwi kwa mdomo. Namba ya simu na kiasi cha hela, andika meseji.

Konda, kaka yangu, ukiona nusu ya abiria wako wanapayuka, punguza redio kidogo. Ushamsikia Lombard.

Na wewe abiria unayekereka, acha kusonya, acha kumrekodi mtu ukamtupie mtandaoni, maana hapo umezidi ubaya wake. Fanya kama yule mama. Mguse, sema kwa upole, mwite mwanangu, kaka, dada, anko, kulingana na umri wake. Wengi watashtuka na kushusha sauti, kwa sababu hawakujua.

Ila kuna simu moja haina masharti. Mtu akipokea habari ya msiba ndani ya gari akapiga ukunga, usimwambie ashushe sauti. Mpishe siti, mshikie mzigo wake, muulize anashukia wapi. Na bibi au babu mwenye masikio mazito akipaza sauti kumsalimia mjukuu wake, mwache afaidi.

Sisi wengine wote wenye masikio mazima hatuna kisingizio. Simu ikiita pokea, ongea, cheka. Lakini kabla hujamwachia mwenzio aanze kusema lake la moyoni, mwambie mko wangapi.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na wewe wa siti ya nyuma, tumesikia: kodi ni miezi miwili!